Mafiga Matatu na Atomu Tatu

Hapo Mingoyo, mkoani Lindi, hukutana njia tatu: ya Lindi, ya Mtwara na ya Masasi. Ikiondolewa moja, iwayo yote, njia panda haipo tena. Hubaki barabara ipitayo tu. Majikoni nako, kama pwani nzima palipo na moto wa kuni, kanuni ni ile ile. Wahenga walinena: figa moja haliinjiki chungu. Mawili nayo hayainjiki. La tatu likija chungu hutulia, wala hakuna figa liwezalo kujidai kuwa ndilo lililokibeba.

Jambo hilo ajualo kila mpishi liliwashangaza wanafizikia lilipozuka wasipolitarajia. Mwaka 1970 Vitaly Efimov, mwanafizikia kijana wa Leningrad, alikokotoa mwenendo wa chembe tatu zilizo sawa, zitiizo sheria za kwanta. Akaona kwamba chembe mbili huweza kuvutana kwa unyonge hata zisishikane, ilhali tatu zikashikana. Iondoke moja, mbili zilizosalia huachana. Na pale mvutano wa wawili ufikapo ukingoni kabisa mwa kushikana, mafungamano ya watatu hupangika kama ngazi isiyo mwisho, kila moja likiwa kubwa mara 22.7 kuliko lililolitangulia. Haidhuru chembe ni za nini. Viini vya atomu ama atomu nzima, kanuni ni moja.

Wengi walitia shaka. Fungamano hilo lilitafutwa katika viini vya atomu, lisithibitike. Miaka 36 ikapita, na Efimov akahamia Seattle, Marekani.

Mwaka 2006, mjini Innsbruck, Austria, kundi la Rudolf Grimm lilipoza gesi ya seziamu hadi ukaribu wa sifuri halisi, likawa linaongeza na kupunguza mvutano wa atomu kwa nguvu ya sumaku. Mahali pamoja atomu zikaanza kutoweka kwa wingi, tatu tatu: ndiyo alama ya fungamano lililotabiriwa. Mwaka 2014 kundi hilo likakiona kidato cha pili cha ngazi, kikubwa mara 21 hivi. Mwaka 2015 wanasayansi wa Frankfurt wakapata taswira ya atomu tatu za heliamu zilizofungamana hivyo.

Mwaka 2018 Efimov na Grimm, mkokotozi na mpimaji, walitunukiwa pamoja Nishani ya Faddeev. Hesabu iliyodhaniwa kichekesho ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo: lipo fungamano lisilo la huyu na yule. Ni la watatu, ama si la yeyote.