Kununua Filamu si Kununua Haki ya Kuihariri

Mwaka 1999 George Lucas alitoa filamu ya The Phantom Menace, na mashabiki wengi wa Star Wars walitoka sinemani wakinung'unika. Mmoja wao, mhariri wa filamu aitwaye Mike J. Nichols, hakuishia kunung'unika. Aliikata upya, akaondoa takribani dakika 20 na kupunguza nafasi ya mhusika Jar Jar Binks. Toleo lake, The Phantom Edit, lilienea mwaka 2001, na wengine wakafuata njia hiyo.

Wengi wa wahariri hao walijiwekea kanuni: anayetaka toleo lililohaririwa sharti awe amenunua nakala halali. Mwenye filamu keshalipwa, basi kaibiwa nini? Hoja hiyo inavutia, lakini ilikwisha kupimwa mahakamani, ikashindwa.

Kampuni ya CleanFlicks ya Utah ilikuwa ikiondoa matusi, uchi na umwagaji damu katika filamu za Hollywood, kisha ikiziuza au kuzikodisha. Kwa kila nakala iliyohaririwa, ilinunua nakala moja halisi. Julai 2006 mahakama ya shirikisho huko Colorado iliamua kwamba hata hivyo ilivunja hakimiliki. Studio kupata faida au hasara halikuwa jambo la msingi. Mwenye haki ndiye anayeamua kazi yake itoke kwa sura gani.

Hata hivyo, mwaka 2005 Bunge la Marekani lilikuwa limeruhusu programu zinazoruka sehemu zisizotakiwa mtu anapotazama nyumbani, mradi isibaki nakala ya kudumu ya toleo lililobadilishwa. Kwa hiyo kilichokatazwa hasa ni kutengeneza nakala, si kubadilisha kunakoishia machoni pa mtazamaji.

Lucas mwenyewe alifika mbele ya Bunge hilo mwaka 1988 kupinga filamu za zamani kubadilishwa, kwa mfano kutiwa rangi. Mwaka 1997 akazibadilisha filamu zake tatu za kwanza za Star Wars. Sheria haikumzuia, kwa kuwa zilikuwa mali yake. Shabiki anayezirejesha katika sura ya awali ndiye anayehesabiwa mkosaji.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mashabiki wana hoja nzito. Sheria inamlinda mmiliki. Haiilindi filamu ambayo umma uliiona na kuikumbuka. Anayewatetea asiegemee risiti ya duka. Aulize nani atahifadhi sura ya kwanza ya filamu, mmiliki wake asipotaka ionekane tena.