Mwigo wa kitimu katika mafunzo ya famasia

Ni mbinu ya kufundishia ambayo kwayo wanafunzi wa famasia, udaktari na uuguzi humhudumia kwa pamoja mgonjwa wa kuigiza, yaani mtu aliyefundishwa kujifanya anaumwa. Jijini Dar es Salaam kada hizo husomeshwa Upanga, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007. Kisa kifaacho kwa mwigo huo ni cha mgonjwa mwenye VVU na kifua kikuu, anayemeza rifampisini ya kutibu kifua kikuu, aliyeandikiwa dolutegraviri ya kudhibiti VVU, miligramu 50 mara moja kwa siku: mwanafunzi wa famasia hutakiwa kutambua kwamba rifampisini hupunguza kiwango cha dolutegraviri mwilini, kisha amshauri daktari aandike mara mbili kwa siku, kazi ambayo, palipozoeleka kumwogopa daktari, huwa ngumu kuliko famakolojia yenyewe.