Kitanzi cha waya au kizimba? Tofauti ya mitego ya wanyama na maana yake kwa wakazi wa Nakivale na Mbarara

Waya wa breki ya pikipiki uliokwisha kazi hauna thamani katika gereji za boda boda mjini Mbarara. Lakini waya huohuo, ukikunjwa kitanzi na kufungwa kwenye shina la mti kando ya njia ya wanyama, huweza kumuua swala, chui au mbwa wa jirani bila aliyeutega kuwapo.

Mitego si ya namna moja. Ipo inayoua papo hapo, inayoshika bila kuua, na inayoua polepole. Nchi mbalimbali zimetunga sheria kwa kuzingatia tofauti hizo. Nchini Uganda swali la kwanza la sheria ni kama aliyetega ana kibali. Hata hivyo, kwa mfugaji aliyepoteza mbuzi au mkulima aliyevamiwa na nguruwe mwitu, kujua jinsi kila mtego unavyofanya kazi kunaweza kumwepusha na hasara kubwa kuliko ile aliyotaka kuizuia.

Kwa nini eneo hili?

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wanaishi humo watu wa Congo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Wengi wamepewa viwanja vya kulima, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha.

Kaskazini mwa makazi hayo iko Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 370. Ziwa Mburo na Ziwa Nakivale ni sehemu ya mfumo mmoja wa ardhi oevu, uliotambuliwa mwaka 2006 chini ya mkataba wa Ramsar kuwa na umuhimu wa kimataifa. Wanyama hawaijui mipaka iliyochorwa kwenye ramani. Pundamilia na swala pala hutoka kulisha kwenye ranchi za ng'ombe, na chui na fisi huwafuata.

Historia nayo ina uzito. Mburo ilikuwa eneo la uwindaji uliodhibitiwa tangu mwaka 1933, ikawa pori la akiba mwaka 1963, kisha hifadhi ya taifa mwaka 1983. Hatua hiyo ya mwisho iliwaondoa watu waliokuwa wakiishi humo. Serikali ilipobadilika mwaka 1986, wengi walirejea, na wanyama wengi wakauawa. Baadaye hifadhi ilipunguzwa ili baadhi ya wakazi wapate ardhi. Kwa hiyo mjadala kuhusu mitego katika eneo hili unagusa pia suala la nani anafaidika na wanyamapori, na nani anaubeba mzigo wa kuishi nao.

Kitanzi hufanyaje kazi?

Kitanzi ni mtego rahisi kuliko yote. Waya hukunjwa duara lenye fundo linaloteleza, na ncha yake ya pili hufungwa kwenye mti au gogo zito. Mnyama hupitisha kichwa au mguu ndani ya duara, na kadiri anavyovuta ndivyo waya unavyokaza. Nguvu yote ya mtego hutoka kwa mnyama mwenyewe.

Nyaya za breki na klachi, seng'enge za uzio na hata nyuzi za chuma zilizochomolewa kwenye matairi makuukuu hutumika. Bei yake ni ndogo mno, na mtu mmoja anaweza kutega vitanzi vingi kwa siku moja. Huo ndio mvuto wake, na ndio hatari yake.

Kitanzi kinachomshika mnyama shingoni huweza kumnyonga haraka, lakini kikimshika kiunoni au mguuni humkata ngozi na nyama kwa saa nyingi au siku kadhaa. Mnyama mwenye nguvu hukata waya na kuondoka nao, kidonda kikioza mwituni. Aliyetega akisahau mahali alipoweka waya, au akikamatwa, kitanzi hubaki kikifanya kazi kwa miezi.

Zipo aina zilizoboreshwa. Baadhi huwekewa kizuizi kinachozuia duara lisikaze kupita kiasi, na kiungo kinachozunguka ili waya usijisokote. Vitanzi vya mguu vya namna hiyo hutumiwa na wataalamu katika nchi kadhaa kuwakamata chui au dubu kwa ajili ya utafiti, vikikaguliwa mara kwa mara. Umbali kati ya chombo hicho na waya wa pikipiki ni mkubwa, ingawa vyote huitwa kitanzi.

Mitego mingine

Mtego wa taya za chuma una mapande mawili yanayofyatuka na kubana mguu mnyama anapokanyaga kibao cha katikati. Uganda una jamaa yake mkubwa zaidi, unaoundwa kwa springi na vyuma vya magari makuukuu, na askari wa wanyamapori huukuta mara kwa mara katika hifadhi za magharibi na kaskazini. Huvunja mfupa, na mtu akiukanyaga huweza kupoteza mguu.

Mtego wa fremu ulibuniwa na Mkanada Frank Conibear katikati ya karne ya 20. Fremu mbili za chuma hubana shingo au kifua cha mnyama mdogo ili afe haraka. Hutumika zaidi Amerika Kaskazini.

Kizimba ni sanduku la waya au chuma lenye mlango unaoanguka mnyama anapogusa chambo. Ni ghali, ni kizito kubeba, na kinahitaji kukaguliwa kila siku ili mnyama asife kwa kiu au jua. Lakini ndicho kinachompa mtegaji nafasi ya kurekebisha kosa: aliyeingia asiyetakiwa hufunguliwa mlango na kwenda zake. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) hutumia vizimba kuwakamata chui wanaoshambulia mifugo.

Mashimo yaliyofunikwa kwa majani ni ya kale zaidi, na hayabagui. Mtoto anayetafuta kuni anaweza kutumbukia kama nguruwe mwitu.

Biashara ya manyoya iliyobadilisha sheria

Sehemu kubwa ya utafiti kuhusu mitego imetokana na biashara ya manyoya ya nchi za baridi, ambako wanyama kama biva na mbweha hutegwa kwa ajili ya ngozi zao. Mtegaji wa manyoya hutaka ngozi isiyo na jeraha, na wanunuzi, hasa Ulaya, walianza kuuliza mnyama aliteseka kiasi gani.

Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku mitego ya taya za chuma, pamoja na uingizaji wa manyoya kutoka nchi zinazoitumia. Mvutano wa kibiashara uliofuata ulizaa mkataba wa viwango vya utegaji kati ya Umoja wa Ulaya, Canada na Urusi. Chini ya viwango hivyo, mtego wa kuua hupimwa kwa sekunde: kwa wanyama wengi waliotajwa, angalau asilimia 80 ya waliojaribiwa wanapaswa kupoteza fahamu ndani ya sekunde 300.

Uingereza nayo imechukua hatua juu ya vitanzi. Wales ilivipiga marufuku mwaka 2023, na Scotland ikafuata mwaka 2024.

Afrika Mashariki haina utegaji wa manyoya wa namna hiyo, lakini haikuwa nje ya soko. Katika miaka ya 1960 makoti ya ngozi ya chui yalikuwa mtindo wa matajiri wa Ulaya na Marekani, na chui wa Afrika waliulipia. Biashara ya kimataifa ya ngozi hizo ilibanwa na mkataba wa CITES ulioanza kutumika mwaka 1975. Uganda ilijiunga nao mwaka 1991.

Wanaonaswa bila kukusudiwa

Kusini magharibi mwa Uganda vitanzi vingi hutegwa kwa ajili ya nyama: swala, pongo, nguruwe mwitu. Wenye manyoya ya thamani, kama chui, mondo, fungo na kanu, hunaswa kwa sababu hupita njia zilezile.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa simba dume aitwaye Jacob, wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kaskazini magharibi mwa Mbarara. Aliwahi kunaswa na kitanzi cha waya akaokolewa. Kisha mwaka 2020 mtego wa chuma ulimkata mguu wa nyuma. Mwaka 2024 watafiti walieleza jinsi alivyovuka mfereji wa Kazinga kwa kuogelea, akiwa na miguu mitatu, pamoja na ndugu yake.

Katika msitu wa Budongo, magharibi mwa nchi, takriban theluthi moja ya sokwe wa kundi la Sonso wana majeraha ya kudumu ya vitanzi kwenye mikono au miguu. Hakuna aliyewategea sokwe hao. Vitanzi vilikuwa vya paa na nguruwe.

Ipo pia hatari kwa mlaji. Mnyama aliyekutwa amekufa kitanzini haijulikani alikufa lini wala kama alikuwa mgonjwa. Mwaka 2018 ugonjwa wa kimeta uliripotiwa katika wilaya ya Kiruhura, ilipo sehemu kubwa ya hifadhi ya Mburo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inataka kila anayewinda awe na kibali, na inakataza kuwinda ndani ya hifadhi bila idhini. Kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini kutoweka, adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha, faini ya shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Kudai kwamba kitanzi kilikuwa cha nguruwe mwitu hakumrudishii uhai chui aliyekufa.

Wakimbizi wanafungwa na sheria hizo sawa na raia. Hilo lina uzito kwa Nakivale, hasa tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa msaada kwa viwango tofauti kulingana na mahitaji kwa sababu ya upungufu wa fedha. Njaa huweza kuufanya waya wa bure uonekane kuwa suluhisho, lakini familia ambayo mlezi wake amefungwa gerezani hubaki na njaa ileile na mikono michache ya kulima.

Sheria hiyo pia ilianzisha mfumo wa fidia kwa waliouawa, kujeruhiwa au kuharibiwa mali na wanyamapori nje ya hifadhi. Aidha, asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa jamii jirani kupitia serikali za mitaa.

Mfugaji na mkulima wafanye nini?

Dhidi ya chui, kinga ya kwanza ni zizi imara la usiku, lililofunikwa juu, kwa kuwa chui hupanda na kuruka. Dhidi ya fisi, ukuta usiofukulika chini ndio unaosaidia zaidi. Shambani, ulinzi wa zamu kati ya majirani hugharimu usingizi, lakini haumtii mtu hatiani.

Mnyama hatari akionekana, taarifa hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), kwa maofisa wa UWA, au, kwa wakazi wa Nakivale, kwa ofisi ya kamanda wa makazi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wao ndio wanaoweza kuleta kizimba na watu waliofunzwa kukitumia.

Anayekuta kitanzi porini asikiguse kama kuna mnyama ndani yake. Chui aliyenaswa akiwa hai huweza kukata waya wakati wowote, na wa kwanza kushambuliwa huwa ni yule aliyesogea kumsaidia.