Ufunguzi wa Orangutani

Ufunguzi wa Orangutani ni ule ambao mwenye kete nyeupe huanza mchezo wa sataranji kwa kumsukuma askari wa safu ya b, wa pili kutoka ukingo wa kushoto, hadi mraba wa b4. Mafunzo ya kawaida humtaka anayeanza asogeze askari wa katikati, wa e au wa d, kwa kuwa aliyeshika katikati ya ubao hupata njia za kutoa kete zake na nafasi ya kumbana mwenzake. Askari wa b hafanyi kazi hiyo. Anachofanya ni kumfungulia askofu njia ya kukaa b2, ambapo huitazama katikati kutoka mbali kwa mshazari, na kujitwalia eneo la upande wa malkia. Gharama yake huonekana papo hapo: pale b4 hana kete inayomlinda, na mwenye nyeusi akisogeza tu askari wake wa e, askofu wake anakuwa tayari kumla.

Hatua hiyo ina umri mrefu kuliko jina lake. Mwaka 1896 Nikolai Bugaev, mwanahisabati wa Moscow, aliitumia kumshinda Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia wa zamani, ambaye alikuwa akicheza na watu wengi kwa mpigo. Ushindi wa namna hiyo haupimi sana ubora wa ufunguzi, maana bingwa anayezunguka meza nyingi huwa na macho machache kwa kila ubao. Richard Réti naye aliijaribu mwaka 1923 huko Scheveningen, Uholanzi, dhidi ya Abraham Speijer.

Jina lilipatikana New York mwaka uliofuata. Wachezaji 11 walikutana katika Hoteli ya Alamac, kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara mbili. Miongoni mwao walikuwamo Emanuel Lasker, aliyeibuka mshindi, José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, na Alexander Alekhine. Alikuwamo pia Savielly Tartakower, mzaliwa wa Rostov-on-Don aliyesomea sheria Vienna, mtu wa kalamu na mzaha aliyeufurahia mchezo kuliko alivyoujali msimamo wa mashindano. Wachezaji walitembelea bustani ya wanyama ya Bronx, na huko Tartakower akasimama mbele ya orangutani jike aliyeitwa Susan, akadai baadaye kwamba amemwomba ushauri wa namna ya kuanza mchezo wake unaofuata. Tarehe 21 Machi 1924, mbele ya Géza Maróczy wa Hungaria, akamsukuma askari hadi b4, na katika hatua ya tatu akampandisha tena hadi b5. Alisema mwendo huo wa kukwea ulimkumbusha yule mnyama.

Maróczy alishinda. Hata hivyo, kosa halikuwa la orangutani: Tartakower alitoka kwenye ufunguzi akiwa na hali ya kuridhisha, akapoteza mchezo baadaye. Alekhine, aliyeandika uchambuzi wa kitabu cha mashindano hayo, aligusa udhaifu wenyewe. Kwa maoni yake, mwenye nyeupe huweka wazi nia yake kabla hajajua mpinzani atapanga vipi kete zake. Uthibitisho ulikuja siku moja tu baada ya mchezo wa Maróczy, katika ukumbi uleule. Réti alimshinda Capablanca, ambaye hakuwa amepoteza mchezo kwa miaka minane, na katika hatua ya tatu alimsogeza askari yuleyule hadi mraba uleule wa b4. Tofauti ni kwamba alitanguliza farasi na askari wa c, akasubiri mpinzani aonyeshe kwamba askofu wake mweusi ataelekea g7, mbali na b4. Ndipo akasukuma. Basi aliyekuwa na shida si askari, ni saa yake ya kutoka.

Aliyejaribu kuutoa ufunguzi huu katika mzaha alikuwa Alexey Sokolsky, mchezaji wa Kisovyeti aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 1963. Ndiyo maana wengine huuita ufunguzi wa Sokolsky. Miaka mitatu kabla ya kitabu hicho, Boris Spassky aliutumia dhidi ya Vasily Smyslov katika pambano la Moscow na Leningrad.

Jibu linalopimwa zaidi ni askari mweusi kwenda e5. Nyeupe huweka askofu b2, nyeusi humla askari wa b4, na nyeupe humla wa e5. Hapo pande zote zimepoteza askari mmoja, lakini si wa thamani sawa: nyeupe imetoa wa pembeni ikapata wa katikati. Nyeusi hulipwa kwa wakati, kwani farasi wake hutoka f6 na mfalme wake huwa karibu kujificha nyuma ya ngome, ilhali nyeupe imekwisha mwendesha askofu mara mbili. Nyeusi ikimlinda wa e5 kwa askari wa f, hujinyima mraba mzuri wa farasi na kumwachia mfalme wake upenyo. Nyeupe huweza kumtoa sadaka askari wa b ili ishambulie haraka. Mtego unaonasa wengi ni kumlinda e5 kwa farasi wa c6, hatua ambayo mkono huifanya kwa mazoea: askari anaruka b5, farasi anakimbia, na askari wa e5 analiwa bure.

Mabingwa wa juu huutumia kwa nadra. Uchambuzi wa kompyuta haujaubomoa. Huonyesha tu kwamba nyeupe imeitupa faida ndogo ya kuanza, na hali imekuwa karibu sawa. Ufunguzi wa g4, pacha wake wa upande wa pili, huadhibiwa vikali zaidi kwa sababu humvua mfalme kinga. Katika michezo ya dakika chache b4 huzaa matunda, kwa kuwa mpinzani hulazimika kufikiri tangu hatua ya kwanza, na muda wake huisha akiwa bado anatafuta njia. Anayeutumia kila wiki mbele ya watu walewale hukuta wamekwisha jifunza kumla b4 na kutoa farasi f6.