Kuingia kwa Mazingira katika Mtaala wa Elimu ya Jumla nchini Marekani, na Nafasi ya Walimu wa Lugha

Mwaka 1925 Rachel Carson aliingia chuo cha wanawake mjini Pittsburgh, Marekani, kwa nia ya kusoma Kiingereza na kuwa mwandishi. Alipohitimu mwaka 1929 alikuwa amekwisha kuhamia biolojia. Mwaka 1960 Wangari Maathai alitoka Kenya kwenda Atchison, katika jimbo la Kansas, kwenye chuo cha watawa wa Kibenediktini. Alihitimu mwaka 1964 katika biolojia, pamoja na kemia na Kijerumani. Wa kwanza aliandika Silent Spring (1962), kitabu kilichofanya madhara ya DDT yajadiliwe na watu wasio wanasayansi. Wa pili aliasisi Green Belt Movement mwaka 1977. Na ilipotakiwa kujengwa jumba la ghorofa zipatazo 60 katika Uhuru Park mwaka 1989, silaha yake ya kwanza ilikuwa barua alizowaandikia wakubwa.

Wote wawili walipitia elimu ya jumla, yaani elimu inayomtaka mwanafunzi aonje fasihi, historia, falsafa, lugha na sayansi badala ya kujifungia tangu mwanzo katika taaluma moja. Somo lenye jina la mazingira halikuwa limeanzishwa bado. Ujuzi wa viumbe na ujuzi wa maneno vilikutana ndani yao wenyewe. Hapakuwa na idara iliyovikutanisha. Makala haya yanachunguza jinsi vyuo vya aina hiyo vilivyojaribu baadaye kufanya kwa makusudi jambo ambalo kwa wanawake hao lilitokea kwa nasibu, na ni wapi katika juhudi hizo mwalimu wa lugha alipata, au alikosa, kiti chake.

Middlebury, chuo cha Vermont kilichoasisiwa mwaka 1800, ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza nchini humo kuanzisha shahada ya kwanza ya mafunzo ya mazingira, mwaka 1965. Huo ulikuwa mwanzo wa njia ya kwanza: kuunda somo jipya, lenye wanafunzi wake na cheti chake. Njia hiyo ilipata nguvu kubwa ilipotiwa saini sheria ya taifa ya mazingira tarehe 1 Januari 1970. Sheria hiyo ilizitaka idara za serikali zipime athari za miradi yao kwa kuziunganisha taaluma mbalimbali. Lakini yafaa kutazama ni taaluma zipi zilizotajwa: sayansi za maumbile, sayansi za jamii, na sanaa za usanifu wa mazingira. Fasihi haikutajwa, wala lugha. Si ajabu, basi, kwamba vyuo vingi vilivyoandaa vijana kwa kazi hizo mpya vilitafuta walimu miongoni mwa wanaikolojia, wanajiografia na wachumi.

Mkutano wa Tbilisi wa Oktoba 1977, ulioitishwa na UNESCO pamoja na UNEP, shirika lenye makao yake makuu Nairobi, ulipanua mawazo hayo. Ulisisitiza kwamba elimu ya mazingira itokane na taaluma zote na imfuate mtu maishani mwake mwote. Hata hivyo azimio ni azimio; darasani mambo hayakubadilika kwa kasi hiyo. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu 22, walioitwa na Jean Mayer wa Chuo Kikuu cha Tufts, walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa tamko la vipengele kumi. Tamko hilo lilitaka wataalamu wa mazingira wafunzwe, lakini vilevile kila mwanafunzi apate msingi wa elimu hiyo. Agizo hili la pili ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu mwanafunzi wa fasihi haendi katika idara ya mazingira. Hana budi kufuatwa aliko.

Ndipo ilipozaliwa njia ya pili. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Northern Arizona kilianza mpango ulioitwa Ponderosa, kwa jina la msonobari unaotawala misitu ya huko. Walimu wa idara mbalimbali walikutanishwa, kila mmoja akarudi kulitengeneza upya somo ambalo alikuwa tayari akilifundisha. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, kiliiga mfano huo chini ya Peggy Barlett, mwanaanthropolojia, na Arri Eisen, mwanabiolojia. Mpango wao uliitwa Piedmont, jina la nchi iliyo chini ya milima ya Appalachia. Kuchagua jina la mti na la mahali si jambo dogo: mipango hii ilikusudia mwalimu aanze na ardhi anayoikanyaga. Warsha yenyewe ilichukua siku mbili za Mei, baada ya masomo kwisha. Walimu walipewa posho, wakajadiliana, wakatembea msituni. Kisha kila mmoja aliandika muhtasari wake wa somo wakati wa likizo, na Agosti wakakutana tena kusomeana.

Siri ya njia hii ni kwamba haikumfanya mwanaikolojia kuwa mwalimu wa wengine. Mwanafalsafa alibaki mwanafalsafa, na mwalimu wa Kihispania alibaki na Kihispania chake. Swali ndilo lililobadilika. Tena haikudai idara mpya. Udhaifu wake unatokana na hapohapo: somo lililogeuzwa na mwalimu mmoja laweza kurudi lilivyokuwa siku anapohama. Wapo wanaoiona kuwa njia ya wanyonge waliokosa fedha za kujenga idara. Lakini David Orr, aliyefundisha Oberlin, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1994 kwamba hakuna somo lisilofundisha kuhusu mazingira: lile linalonyamaza linamfundisha mwanafunzi kwamba yeye na ardhi hawahusiani. Hoja hiyo haijajibiwa na wapinzani wa njia ya pili.

Wanafasihi, kwa upande wao, hawakungoja kuitwa. Waliunda chama chao cha fasihi na mazingira mjini Reno, Nevada, mwaka 1992. Wanaisimu wamekuja nyuma yao, na wa Kiswahili nyuma zaidi. Katika Afrika Mashariki mwalimu wa Kiswahili huitwa mwishoni, mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa kwa Kiingereza, aambiwe atafute istilahi. Neno lenyewe mazingira latokana na kuzingira, ambalo ni kuzunguka na pia ni kuhusuru mji. Limembebesha mwanadamu cheo cha kukaa katikati, na hilo peke yake lingetosha mhadhara mzima.

Lakini mwalimu huyo ana mengi kuliko istilahi. Anayefundisha msamiati kwa wanafunzi wa Lamu anaweza kuanza na msitu wa baharini, ambako msemaji wa kawaida wa Kiingereza huona mangrove tu. Mswahili hutenga mkoko na mchu, mkandaa na muia, mlilana na mkomafi, na kila mmoja una mahali pake kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu. Miti hiyo ikikatwa huingia katika mpango mwingine wa majina, unaofuata unene wake: pau, mazio, boriti, nguzo. Mpango wa kwanza ni ikolojia. Wa pili ni biashara, na ndiyo iliyoijenga dari ya nyumba ya mawe, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mwanafunzi akiiweka mipango hiyo miwili bega kwa bega, ataona ni mti gani una jina katika wa kwanza na hauna kazi katika wa pili, na atauliza upi ulikatwa zaidi. Swali hilo litampeleka kwa mwanabotania na mwanahistoria, lakini litakuwa limetoka katika somo la lugha.