Reli ilikufa, baiskeli zikafufua vijiji: Ifahamu Otago Central Rail Trail

Mwaka 1990 treni ziliacha kufika Clyde, mji mdogo ulio mbali na pwani katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Vijiji vilivyokuwa vikiishi kwa reli hiyo vikabaki na stesheni tupu.

Leo njia hiyohiyo ndiyo inayovilisha. Kilomita 152 kutoka Middlemarch hadi Clyde zimegeuzwa kuwa njia ya baiskeli, watembea kwa miguu na wapanda farasi. Magari na pikipiki haziruhusiwi, na kupita ni bure.

Reli ilitoka wapi?

Ujenzi ulianza mwaka 1879 karibu na mji wa Dunedin. Eneo ni la milima na makorongo, hivyo kazi ilikwenda taratibu: Middlemarch mwaka 1891, Ranfurly 1898, Clyde 1907, na mwisho Cromwell 1921.

Treni ilibeba kondoo, sufu, matunda na abiria. Ilibeba msiba pia. Tarehe 4 Juni 1943, treni ya abiria ilianguka karibu na kijiji cha Hyde na kuua watu 21.

Kwa nini ilifungwa?

Jibu fupi ni malori. Kwa miaka mingi sheria ya New Zealand ilizuia malori kushindana na treni kwenye safari ndefu. Sheria ilipolegezwa miaka ya 1980, mizigo ikahamia barabarani.

Kipande cha Clyde hadi Cromwell kilifungwa mapema, mwaka 1980, kupisha bwawa la umeme la Clyde. Reli iliyobaki ikatumika kubeba vifaa vya ujenzi wa bwawa hilo. Kazi hiyo ilipokwisha, hakukuwa na mzigo wa kutosha kuiweka hai.

Nani aliiokoa?

Hapa ndipo penye siri ya mafanikio. Vyuma na mataruma viling'olewa, lakini ardhi ya reli haikukatwa vipandevipande na kuuzwa. Mwaka 1993 idara ya serikali inayosimamia hifadhi ilichukua njia nzima, kuanzia Middlemarch hadi Clyde.

Mwaka uliofuata wakazi na wapenzi wa njia hiyo wakaunda taasisi ya hiari ya kutafuta fedha. Kazi ilikuwa nyingi. Kokoto za reli ni kubwa mno kwa tairi la baiskeli, hivyo ilibidi njia imwagiwe changarawe laini na kushindiliwa. Madaraja nayo yalikuwa wazi katikati: yalihitaji mbao za kukanyagia na vizuizi vya pembeni.

Siyo kila mtu alifurahi. Wafugaji waliopakana na njia walihofia wageni kuacha mageti wazi na kusumbua kondoo. Wengine walijiuliza: nani atakuja kuendesha baiskeli kwenye nchi kavu yenye upepo namna hii?

Njia ilifunguliwa kwa vipande, na mwaka 2000 ikakamilika yote.

Kwa nini watu wanaipenda?

Treni haiwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo wajenzi walilazimika kuzunguka vilima, kujaza mabonde na kutoboa miamba. Mwinuko mkali kabisa ni mita 1 kwa kila mita 50. Yaani hata babu na mjukuu wanaweza kuendesha pamoja bila kushuka na kusukuma.

Sehemu ya juu kabisa, mita 618 kutoka usawa wa bahari, iko kati ya Wedderburn na Oturehua. Kwenye korongo la Poolburn kuna daraja refu kwenda juu na mahandaki mawili yenye giza. Tochi ni lazima.

Wengi huimaliza kwa baiskeli kwa siku tatu hadi tano. Wapo wanaobeba "pasipoti" ya njia na kugonga muhuri kila stesheni wanayopita.

Vijiji vimepata nini?

Mtu mwenye gari hupita kijiji kwa dakika mbili. Mwenye baiskeli ana njaa, kiu na miguu imechoka. Lazima asimame, ale na alale. Na kwa kuwa stesheni za zamani zilipangwa kwa umbali mfupi, kila baada ya saa moja au mbili kuna mahali pa kupumzika.

Hivyo zikaja nyumba za wageni, migahawa, ukodishaji wa baiskeli na magari ya kuhamisha mabegi. Baadhi ya wafugaji nao wamegeuza majengo ya shambani kuwa vyumba vya kulala wageni.

Wengine wameiga

Mwaka 2009 serikali ya New Zealand ilianza mpango wa njia za baiskeli nchi nzima, na hii ya Otago ikawa moja ya njia zake kuu. Mwaka 2021 ikafunguliwa njia mpya kando ya Ziwa Dunstan, kutoka Clyde hadi Cromwell.

Reli ya zamani ya kipande hicho haikuweza kutumika tena. Ilishazama chini ya maji ya bwawa.