Wagonjwa wa Denver

Mwezi wa Juni 1983, katika mji wa Denver nchini Marekani, wagonjwa wachache wa UKIMWI, maradhi yaliyokuwa bado mageni, walipanda jukwaani mbele ya mkutano wa afya, bango lao likinena kwamba wanapigania uhai wao, wakasoma waraka walioutunga wenyewe, wakikataa kuitwa wahanga na kudai viti katika mabaraza yanayoamua shauri lao. Ushujaa ulioje, kwani utabibu ulizoea kumhesabu mgonjwa kuwa mwili wa kupimwa, wala si mtu mwenye rai! Tarehe 11 Oktoba 1988 wenzao waliizingira idara ya serikali isimamiayo vyakula na dawa. Na haikupita miaka mingi wagonjwa wakaketi meza moja na wataalamu, wakijadiliana nao kanuni za majaribio ya dawa.